Hashtagi inasomwa hata na asiyeandikiwa



Wengi kati yetu tuliosoma biashara na mawasiliano, kazi ya kwanza tunayopata hapa Bukavu (tukiipata) ni kutunza ukurasa wa mtu: duka la simu, farmasi, hoteli, saluni. Mkataba hauko, mshahara ni "tutaona mwisho wa mwezi", na mega za kuingia mtandaoni ni zako mwenyewe. Siku ya tatu bosi anakuita: "Wewe umesoma, bana, tutafutie hashtagi moja kali, itembee." Juu ya hiyo hashtagi kali ndiyo ninaandika leo, kwa sababu naona tunafundishana nusu ya somo, na nusu tunayoiacha ndiyo inayouma.

Nusu tunayoijua ni rahisi. Tafuta maneno mawili matatu mafupi, yaunganishe, weka alama ya # mbele, waombe watu wapige picha wakiwa na bidhaa, ahidi zawadi, hesabu likes, andika ripoti. Kila semina ya siku moja inafundisha hivyo, na cheti wanakupa.

Nusu ingine ni hii: ukishaiweka hashtagi, haiko yako tena. Chris Messina alipopendekeza alama hiyo kwenye Twitter mwezi wa Agosti 2007, hakuwa anauza kitu. Alitaka mazungumzo ya watu wengi yaonekane mahali pamoja. Na iliyoifanya ienee haikuwa sabuni wala soda. Oktoba ya mwaka ule ule moto mkubwa uliwaka San Diego, Marekani, na watu wakatumia #sandiegofire kuambiana moto umefika wapi. Sisi wa Kadutu, wenye nyumba za mbao zilizobanana, hatuhitaji kueleweshwa juu ya nini neno moja kama hilo linasambaa. Linasambaa kwa kuwa kila mtu ana haja nalo na kila mtu anaweza kuongeza lake.

Makampuni yalikuja nyuma, yakakuta chombo cha watu, yakadhani ni ubao wa matangazo. Januari 2012 McDonald's walilipia hashtagi #McDStories, wakitumaini wateja watasimulia habari tamu. Watu walisimulia kweli: chakula kilichowaumiza tumbo, vitu walivyovikuta ndani ya mkate. Kampuni iliondoa tangazo ndani ya saa chache tu. Hadithi hiyo wanaisimulia kwenye kila darasa la masoko duniani, na kila mara somo linatolewa vibaya: "chagua maneno yako kwa uangalifu." Hapana. Maneno hayakuwa na kosa. Watu walikuwa tayari na la kusema juu ya kampuni ile, na kampuni ikawapa kipaza sauti bila kuwa na jibu mfukoni.

Lakini kuna mfano ulio karibu nasi zaidi, na sisi wa Bukavu tuna haki ya kuuhakiki kuliko mtu yeyote: #VisitRwanda.

Kama kazi ya masoko, nisiseme uongo, ni kazi safi. Maneno mawili, hayabadiliki. Yaliingia kwenye mkono wa jezi ya Arsenal mwaka 2018, yakaenda Paris Saint-Germain mwaka 2019, kisha Bayern Munich mwaka 2023. Jezi na hashtagi vinafanya kazi pamoja: kila picha ya goli inabeba tangazo, na shabiki anayeisambaza hajui kama amekuwa mfanyakazi. Mtoto wa Nyamugo au Cimpunda anayevaa jezi ya Arsenal aliyonunua sokoni Kadutu amelitembeza neno hilo miaka na miaka, bure.

Sasa uliza: liliandikiwa nani? Tajiri wa London mwenye pesa ya kupanda ndege na kuona gorila. Kwetu Rwanda haiko safari ya ndege. Ni daraja la Ruzizi. Akina mama wanavuka asubuhi na vikapu, jioni wanarudi. Hashtagi ile haikutufikiria hata kidogo, lakini tuliisoma. Mwisho wa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23, katikati ya Februari ikawa zamu ya Bukavu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameshaandika katika ripoti zao kwamba jeshi la Rwanda linawasaidia wapiganaji hao, Kigali inakana. Siku zile, mtu aliyetafuta #VisitRwanda hakuona vilima na gorila peke yake. Aliona pia picha za watu wanaokimbia na magodoro kichwani, zilizowekwa chini ya maneno yale yale, na watu ambao hakuna aliyewaalika kwenye kampeni.

Waziri wetu wa mambo ya nje, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliziandikia klabu zile tatu akitaka zivunje mikataba. Kikundi cha mashabiki wa Arsenal wenyewe kilifanya dhihaka, kikaandika "Visit Tottenham", yaani heri kwenda kwa mahasimu wetu. Agosti 2025 Bayern walibadili mkataba wao ukawa wa kulea vipaji vya vijana. Novemba, Arsenal walitangaza kwamba wao wanaishia Juni 2026. Paris walifanya kinyume, wakaongeza mpaka 2028. Mikataba ya aina hiyo ina sababu nyingi na pesa nyingi, kwa hiyo asije mtu kuniambia hashtagi ndiyo iliyoshinda. Ninachosema ni kidogo zaidi: waliolipia maneno yale hawakuweza tena kuamua maneno yale yana maana gani. (Na sina neno na jirani wa ng'ambo anayeuza viazi. Nahakiki tangazo, sihakiki watu.)

Hapa ndipo serikali yetu ilinishangaza. Ungedhani tumeona kila kitu kwa macho yetu, tungekuwa wa kwanza kuelewa. Kumbe! Katikati ya mwaka 2025 Kinshasa nayo ilisaini na AS Monaco, AC Milan, kisha FC Barcelona kwa miaka 4, na kauli "R.D. Congo, Cœur d'Afrique". Moyo wa Afrika. Ni dawa ile ile, chupa tu imebadilika. Mtu wa Barcelona akitafuta maneno hayo kesho, atapata nini? Atapata Kahuzi-Biega, hifadhi yetu iliyoanzishwa mwaka 1970, yenye gorila wa kweli, ambayo tangu 1997 iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini. Atapata barabara. Atapata wahamiaji wa vita. Na atapata mwalimu anayeuliza mshahara wake uko wapi kama pesa ya jezi iko. Nani ameajiriwa kumjibu mwalimu huyo? Kampeni inayojibu "angalia jinsi nchi yetu ilivyo nzuri" kwa mtu anayeuliza mshahara ni McDStories ya taifa zima.

Sisemi hashtagi haifai. LUCHA walipoanza kusema "Goma veut de l'eau" mwaka 2014, sentensi ile ilikuwa tayari midomoni mwa kila mtu anayepandisha bidoni mlimani. Alama ya # iliongezwa tu juu ya kitu kilichokuwa kinasemwa. Haikuhitaji zawadi ya kofia.

Turudi kwenye kazi yetu ndogo. Nendeni soko la Kadutu mkaangalie mama anayeuza vitenge kwa statu ya WhatsApp. Anapiga picha, anaandika bei, basi. Hana hashtagi. Akiulizwa "Mama, iko inatoka rangi?" anajibu kwa sauti yake mwenyewe, na akisema haitoki halafu ikatoka, mteja anajua meza yake iko wapi. Watu wanaoona statu yake wanahesabika, na wote anawajua. Nilipomwambia mmoja kuhusu kampeni za picha na zawadi, alicheka: "Mega yangu iishie ku bintu bya watu wengine? Miye siko na mega za kuchezea." Katika sentensi hiyo kuna utafiti wa soko ambao bosi wako hajaufanya. Kumwomba mtu wa Kadutu apakie video ya dakika moja kwa ajili ya bidhaa yako ni kumwomba pesa.

Na kuna jambo ambalo semina hazisemi kabisa. Kampeni ikigeuka, hasira haiendi kwa bosi. Inaendea yule kijana anayetunza ukurasa, ambaye jina lake linajulikana mtaani, ambaye hana mkataba. Nimeona mwenzetu, mhitimu kama sisi, akitukanwa wiki nzima kwa ajili ya promosheni ya duka ambalo zawadi zake hazikutolewa. Mwenye duka alizima simu. Tena katika mji huu, kwa wakati huu, neno moja lililowekwa vibaya linaweza kukutafutia maswali kutoka kwa watu ambao hawako wateja.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta hashtagi kali, mimi siku hizi natafuta malalamiko. Nashuka mtaani, nauliza watu wanasema nini tayari juu ya duka hilo. Kama wanasema dawa zake zimepita tarehe, hakuna maneno matatu ya kifaransa yatakayolifunika hilo. Afadhali bosi asafishe kabati kwanza, halafu tuweke picha ya kabati. Kama wanasema vizuri, nachukua maneno yao wenyewe, kwa kiswahili chao, hata kama mtu wa ofisini atasema hayana heshima.

Kisha namuuliza bosi, mbele ya mtu wa tatu na kwa maandishi: saa nne ya usiku, mtu akiandika chini ya hashtagi yetu kwamba tumemwibia, nani anajibu, ana ruhusa ya kuahidi nini, na kwa mega ya nani?

Wengi wananiambia nirudi wiki ijayo.