Msomi na Waraka wa Serikali

Msomaji, yafaa uijue makala moja iliyotolewa Julai 1965 katika jarida la East Africa Journal. Mwandishi wake ni Barack Obama, mzaliwa wa Rachuonyo katika Homa Bay, baba wa Rais wa 44 wa Marekani. Alikuwa amerejea mwaka uliotangulia kutoka Chuo Kikuu cha Harvard, alikosomea uchumi. Serikali ilikuwa imetoa Waraka wa Bunge Nambari 10 juu ya Ujamaa wa Kiafrika, nao ulitetewa na Tom Mboya wa Rusinga, Waziri wa Mipango ya Uchumi. Kijana huyu hakuogopa kuuhoji.

Sifa ya makala hii ni kwamba haitosheki na maneno matamu. Yauliza: ujamaa huu maana yake nini, na mali ya nchi i mikononi mwa nani? Waraka ulipendelea kila mtu awe na hati ya shamba lake. Yeye alipendelea ushirika wa ukoo.

Hapo ndipo hoja inapochechemea. Ukoo nao una wenye sauti na wasio nayo. Nenda Migori au Homa Bay ukamwulize mjane asiye na mwana: shamba la ukoo ni la nani? Aliyeyapima maneno ya Serikali kwa mizani kali angalilipima na neno “ukoo” kwa mizani ile ile.

Nawe utakayekwenda chuo kikuu kuchunguza mifumo ya ulimwengu, rithi ujasiri wake. Ila usiiache mizani mlangoni pa nyumba yenu.