Sikio Halikuwa Darini

Filamu ya Florian Henckel von Donnersmarck, Das Leben der Anderen (2006), yaani Maisha ya Wengine, yatupeleka Berlin ya Mashariki mwaka 1984. Wiesler, ofisa wa Stasi, polisi wa siri, aketi darini akisikiliza maisha yote ya mwandishi wa tamthilia kupitia vinasa sauti vilivyofichwa. Na katika kusikiliza huko moyo wake wageuka. Ulrich Mühe aigiza kwa utulivu wa ajabu. Hata hivyo toba hiyo hatuwezi kuipokea upesi.

Mwaka 1989 Stasi ilikuwa na watumishi wapatao 91,000, na watoa habari wa siri wapatao 189,000. Sikio kubwa, basi, lilikuwa mezani, kazini, na (sisi Walutheri twakiri kwa haya) hata madhabahuni: majalada yalipofunguliwa mwaka 1992, walionekana humo wachungaji waliopeleka habari za ndugu zao. Filamu haigusi jambo hilo. Mtoa habari wake mkuu ni mwanamke aliyekamatwa na kutishwa. Wengi hawakutishwa; walikaribishwa chai na rafiki, kisha wakaenda kuandika.