Mama cheri, mlinzi wa mshono

Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Dkt. Denis Mukwege mwaka 1999 kusini mwa mji wa Bukavu, jimbo la Kivu Kusini nchini Kongo (DRC), inasifiwa dunia nzima kwa upasuaji wake, hasa tangu daktari huyo apewe Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Sifa hizo inazistahili. Lakini mtu akitaka kujua namna fistula inavyopona, atoke kwenye chumba cha upasuaji aingie wodini, amtazame mama cheri akifanya kazi. Hilo ndilo jina la akina mama wanaompokea mwanamke anayekuja kutibiwa Panzi na kumsindikiza hadi anaporuhusiwa. Ni wauguzi kidogo, wafanyakazi wa jamii kidogo, na washauri wa nafsi kidogo.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Fistula inayozungumziwa hapa ni tundu kati ya kibofu na uke. Mara nyingi hutokana na uchungu wa uzazi unaodumu siku kadhaa bila msaada: kichwa cha mtoto kinabana nyama laini kwenye mfupa wa nyonga, damu haipiti, nyama inakufa. Kivu imeona pia fistula zinazoletwa na ubakaji wa kikatili. Mkojo unavuja mchana na usiku, na mgonjwa anajifunza njia moja ya kujisitiri: kunywa maji kidogo. Wengine huishi hivyo miaka mingi.

Baada ya upasuaji anaambiwa kinyume chake: anywe, tena anywe sana. Sonde, yaani mpira wa kutolea mkojo, imewekwa ili kibofu kisijae wakati mshono unashika. Mkojo ukitoka mwangavu, salama. Ukiwa mzito, au damu iliyoganda ikiziba mpira, kibofu kinajaa, nyuzi zinavutwa, na tundu linaweza kufunguka tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliohusisha wanawake 524 katika nchi 8 za Afrika, Kongo ikiwemo, ulionyesha kwamba kwa fistula nyepesi siku 7 za sonde zinafaa sawa na 14. Hata hivyo, katika siku hizo 7 mpira unaweza kuziba saa yoyote, usiku au mchana.

Kwa hiyo kazi ngumu ya wodini ni kumshawishi mwanamke aache tabia iliyomlinda. Daktari akipita asubuhi na kuamuru, anaitikiwa kwa adabu, na kikombe kinabaki kimejaa. Mwenye kurudi mara kumi kwa siku bila kuchosha ni yule anayejua lugha ya mgonjwa, iwe Mashi au Kilega, na anayejua kutania. Utani huo una kazi. Mtu aliyefukuzwa kwa sababu ya harufu anapotaniwa kuhusu mkojo wake, na wenzake wenye sonde kama yake wakacheka pamoja naye, siri yake inapoteza nguvu. Anakunywa. Kesho shuka ikilowa, anasema mapema, na mpira unakaguliwa kabla mshono haujaharibika.

Uchungu wa kazi hii uko siku sonde inapotolewa. Wengi wanabaki wakavu. Wengine wanavuja bado, hata tundu likiwa limeziba, kwa kuwa misuli inayozuia mkojo iliharibika. Habari hiyo inamfika mama cheri pia, naye ndiye aliyebembeleza kila kikombe. Wakati huohuo kitanda cha jirani kina mgeni mwenye simulizi nyingine ya kusikilizwa leo.

Panzi inaunganisha tiba, ushauri wa nafsi, msaada wa sheria na mafunzo ya kujitegemea. Hospitali zinazotaka kuiga mpango huo zinaweza kuanza kwa kutafuta daktari bingwa na vifaa. Ushauri wangu: ziweke kwenye bajeti, tangu siku ya kwanza, mshahara wa mama cheri, zamu inayompa usingizi, na mtu wa kumsikiliza yeye. Anayelinda mshono asipolindwa, kazi ya daktari bingwa iko hatarini kila usiku.