Mng'aro wa Mdudu

Sandarusi ilichimbwa ardhini Mrima, ikapakiwa Unguja, na katika karne ya 19 ikavuka bahari hadi Salem, Marekani, kwenda kupikwa vanishi. Huo ni utomvu wa mti. Shelaki nayo hutoka kwa mdudu, Kerria lacca, anayefugwa kwenye matawi ya mikunazi na miti mingine huko Jharkhand na Chhattisgarh, India.

Makinda yake, yasiyofika milimita moja, huzagaa juu ya tawi yakitafuta pa kuchoma. Jike akishapata mahali habanduki tena. Hunyonya maji ya mti na kutoa utomvu unaomfunika, hata tawi likavaa ganda la kahawia. Wakulima hulikata, huacha vijiti vyenye mayai na kuvifunga kwenye miti mingine ili mbegu isikatike. Ganda hukwanguliwa, hupondwa na kuoshwa. Kwa mtindo wa zamani hutiwa katika mfuko mrefu mwembamba wa nguo, unaosokotwa mbele ya makaa. Utomvu hupenya kwenye nguo ukichuruzika, na fundi huuvuta kwa mikono, miguu na hata meno mpaka ukatandika kama chapati ya maji. Ukipoa, huvunjwavunjwa.

Vipande hivyo vikilowekwa kwenye spiriti usiku kucha, huyeyuka. Hapo seremala mwenye subira huanza kazi, na brashi haigusi. Hufunga pamba ndani ya kitambaa kikuukuu cha kitani, hukilowesha shelaki, huweka tone la mafuta chini yake kisinate, kisha hupita juu ya ubao kwa duara na kwa mwendo wa namba 8. Kusimama ni mwiko: bonge hilo la kitambaa likitulia kidogo tu, spiriti hulainisha tabaka la chini na kulibandua. Kila tabaka ni jembamba mno, kwa hiyo kazi huchukua siku kadhaa. Watengenezaji wa magitaa ya klasiki huupenda wembamba huo, kwa kuwa rangi nzito huuzuia ubao kutetema.

Wanaoilaumu shelaki wana haki. Glasi yenye maji huacha alama nyeupe, kikombe cha moto vilevile, na pombe ikimwagika mezani hula mng'aro wote. Lakini spiriti hiyohiyo ndiyo dawa yake. Tabaka jipya huyeyukia ndani ya la zamani yakawa kitu kimoja, na mkwaruzo hufutika bila kuparua meza nzima. Vanishi nyingi za kiwandani zikishakauka hazikubali kurudiwa hivyo, ndiyo maana mafundi wa samani za kale hawajaiacha.

Pwani imeisikia shelaki kuliko ilivyoiona. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, santuri za mizunguko 78 kwa dakika zilitengenezwa kwa shelaki iliyochanganywa na unga wa mawe na masizi. Zilikuwa nzito, na zikianguka sakafuni zilipasuka. Mwaka 1942 serikali ya Marekani ilibana shelaki ya santuri kwa sababu ya vita. Baadaye vinaili ikaipokonya kazi hiyo.

Siku hizi hupakwa kwenye vidonge vya dawa, machungwa ya dukani na peremende, ikiandikwa E904 kwenye karatasi. Wasiokula chochote kitokacho kwa mdudu huisoma alama hiyo na kuirudisha peremende rafuni.