Bata wa Mgongo Mweupe

Mwishoni mwa Agosti, kipupwe kinapokaribia kutuaga, mabwawa ya Uwanda wa Ufipa huwa yamenywea. Mvua zimekatika tangu miezi kadhaa, kilichobaki ni maji ya kiunoni yaliyozungukwa na matete, na ndege waliotawanyika wakati wa masika hulazimika kubanana hapo. Kwa hiyo mpenda ndege wa majini aliyeko Sumbawanga hana haja ya kuteremka hadi Ziwa Rukwa. Avae koti zito, maana upepo wa hapa, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hauna huruma, kisha atembee.

Asubuhi moja ya namna hiyo, kwenye bwawa lililo mwendo wa nusu saa kutoka kwangu, niliona ndege mdogo wa rangi ya kahawia, amekaa chini majini, mgongo umepinda kama wa mzee anayeota jua. Nikasema moyoni: kibisi. Akazama. Alipoibuka niliona baka jeupe penye shina la mdomo, na mdomo wenyewe ulikuwa wa bata. Nikarudi nyumbani kufungua kitabu.

Kitabu hicho, ambacho ndicho ninachotaka kukijadili hapa, ni Birds of East Africa cha Terry Stevenson na John Fanshawe, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2002. Nianze kwa kukisifu, kwa kuwa kinastahili. Kinahusu Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi, na kina aina zaidi ya 1,300 za ndege. Maelezo na ramani vimeelekeana na picha, hivyo msomaji hapekui huku na huku na vidole vilivyoganda kwa baridi. Tena kimetukumbuka sisi wa Rukwa. Kile kilichokitangulia mwaka 1996, cha Zimmerman, Turner na Pearson, ni kitabu cha fahari kubwa, lakini tangu jina lake kilitangaza kwamba kinaishia kaskazini mwa Tanzania. Kwetu ilikuwa kama kualikwa harusini, kisha ubwabwa ukaishia meza za mbele.

Basi ndege wangu nilimpata. Kwa Kiingereza anaitwa bata wa mgongo mweupe. Wataalamu humwita Thalassornis leuconotus, jina alilopewa na Mwingereza Eyton mwaka 1838. Neno la kwanza maana yake ni ndege wa bahari, na la pili ni mwenye mgongo mweupe. Bahari! Huyu ni ndege wa maji baridi yaliyotulia, penye mayungiyungi, ambayo mbegu zake ni chakula chake. Na huo mgongo mweupe hauonekani ila anaporuka, kwa kuwa akitulia mabawa huufunika. Naye si mwepesi wa kuruka. Akishtuka hupiga mbizi. Jina hilo linamfaa mtu aliye na ndege mfu mezani, anayeweza kumfunua mabawa apendavyo. Mtu aliyesimama ukingoni halimsaidii.

Jambo la pili ni ramani. Ni ndogo mno, kiasi kwamba ncha ya penseli huufunika uwanda wetu karibu wote, na pembeni yake kuna maneno ya kupima kama ndege ni wa kawaida au ni wa nadra. Lakini mara nyingi maneno hayo huwapima watazamaji kuliko ndege. Ndege huandikwa pale alipopita mtu mwenye darubini. Tuna ushahidi wa hapa hapa. Bonde la Ziwa Rukwa lilikuwa mojawapo ya mazalio makuu ya nzige wekundu, na wataalamu wa kupambana na nzige walilizunguka miaka mingi. Mmoja wao, Desmond Vesey-FitzGerald, pamoja na mwenzake Beesley, walichapisha orodha ya ndege wa bonde hilo mwaka 1960 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Kwa orodha ile tunawiwa na nzige.

Kasoro inayoniuma zaidi ni kwamba kurasa zote hizo hazimpi ndege hata mmoja jina lake la Kiswahili. Waandishi wanaweza kujibu kwamba majina yenyewe hayapo, na jibu hilo lina ukweli wa kutosha kutuaibisha. Kiswahili kina mwari, heroe, mnandi, kibisi na mdiria. Ukifika kwa bata, unaambiwa bata, na akiwa mkubwa, bata bukini, basi. Mimi mwenyewe niliandika ubaoni "ndege wa majini" miaka mingi, nikachora bata mmoja, tena wa kufugwa.

Deni hilo nililipa mbele za watu. Uliitishwa mkutano wa kijiji kuzungumzia kuchimba mfereji wa kulikausha bwawa lile, ili watu walime kabichi na vitunguu. Nia yao sikuilaumu. Watoto hawasomeshwi kwa ndege. Hata hivyo nilisimama kumtetea.

"Mwalimu," mwenyekiti akauliza, "huyo ndege anaitwaje?"

"Bata wa mgongo mweupe," nikajibu, kama kitabu kilivyonifundisha. "Ni ndege wa nadra."

Kijana mmoja akanyoosha mkono. "Shikamoo, Mwalimu. Mimi nachunga ng'ombe pale kila siku. Bata wa mgongo mweupe sijamwona hata mara moja."

Watu wakacheka, na walikuwa na haki. Nikaanza upya bila kitabu: ni yule mdogo, mwenye kibyongo, anayezama kama kibisi, mwenye doa jeupe hapa penye mdomo.

"Aa, huyo!" akasema kijana. "Huyo yupo siku zote. Kule upande wa matete wapo wawili, tena wana vifaranga."

Mazungumzo yakageuka. Mama mmoja akauliza vifaranga vitakwenda wapi maji yakiondoka, na mzee mwingine akakumbusha kwamba ng'ombe nao hunywa pale. Mwishowe ikaamuliwa kwamba mfereji usichimbwe mpaka mvua zipite, ndipo suala lizungumzwe tena.

Katika nakala yangu, chini ya picha, nimeandika kwa penseli: bata kibisi. Pembeni ya ramani nimeandika: muulize mchungaji.