Saksafoni ya Verckys Yasafishwa Upya

Santuri iitwayo Congolese Funk, Afrobeat & Psychedelic Rumba 1969–1978, iliyotolewa mwaka 2014 na kampuni ya Analog Africa ya Ujerumani, yakusanya nyimbo za mpuliza saksafoni Verckys pamoja na Orchestre Vévé. Sauti zimesafishwa upya, na kazi hiyo yastahili sifa. Gitaa la besi, ambalo katika sahani za zamani aghalabu lilimezwa na mikwaruzo, sasa lasikika wazi, na pumzi ya mpulizaji yatambulikana kabla ya noti yenyewe.

Verckys, ambaye jina lake halisi ni Georges Kiamuangana Mateta, alizaliwa mwaka 1944 na kufariki mwaka 2022. Alijiunga na OK Jazz ya Franco mwaka 1963, akajitenga mwaka 1969 na kuunda kundi lake. Husemwa kuwa jina “Verckys” ni lile la Mmarekani King Curtis lililosikiwa visivyo. Mwalimu atafutaye mfano wa utohozi na aupokee huo.

Katika OK Jazz, kama katika Morogoro Jazz na Western Jazz za Tanzania, neno “jazi” halikumaanisha muziki wa John Coltrane. Lilimaanisha bendi ya dansi yenye magitaa na ala za kupuliza. Atakayempima Verckys kwa mizani ya Coltrane atamdhulumu. Coltrane huuchukua mdundo akaufumua. Verckys hushika kipande kifupi cha tuni akakirudia, kama mdai asiyeondoka mlangoni, akibadili nguvu na ukali wa pumzi kuliko noti. Marudio hayo si umaskini wa fani. Ndiyo yanayomfanya mchezaji asitoke uwanjani.

Lawama yangu ni juu ya jina la santuri. Ladha ya James Brown imo kweli, wala hatuikatai. Lakini “Afrobeat” ni mali ya Fela na Lagos, na rumba, iliyo mama wa yote haya, imewekwa mwisho na kuvishwa kilemba cha kigeni ili mnunuzi wa Ulaya avutiwe. Tena jina hilo lamwonyesha Verckys kama mchezeshaji tu, ilhali ndiye aliyetoa “Nakomitunaka” katika miaka ya 1970, wimbo uhojio kwa nini watakatifu wa picha za kanisani wawe weupe. Huo ni uzito wa maudhui usiodokezwa na jalada.

Hapa Rohero, ambapo milima ya Kongo yaonekana ng'ambo ya ziwa, hakuna aonaye ugeni katika sauti hizi. Hata hivyo wanafunzi wa Kiswahili watapenda kukuta, katikati ya majina ya Kilingala, wimbo uitwao “Cheka Sana”. Waanze na huo, kisha “Bassala Hot”, na wasipunguze sauti ya besi.