Nyumba ya Kufungwa kwa Bolti

Lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Kigali, Bujumbura au Bukavu hupita Gairo, Kibaigwa, Dodoma, Bahi na Manyoni, na kwa dereva wake hilo ndilo nyumba sehemu kubwa ya mwaka. Kitanda huja nalo kutoka kiwandani, nyuma ya viti. Jiko haliji. Jiko dereva huagiza mwenyewe kwa fundi wa kuchomelea, na kadiri ninavyoitazama kazi hiyo kwenye gereji za Dodoma ndivyo heshima yangu kwake inavyozidi.

Kwa mbali ni sanduku la bati lililoning'inia ubavuni mwa tela, limepigwa kufuli. Lifungue: kifuniko kinalala na kuwa meza, mnyororo ukikishika kila upande. Ndani mna nafasi ya jiko la gesi, rafu ya masufuria, chumba cha unga na ndoano ya mwiko.

Fundi mzuri haanzi na bati. Anaanza na maswali. Unapika peke yako au una tandiboi? Sufuria yako kubwa ni ipi? Ilete, nisiambiwe ukubwa kwa mikono. Unapika umesimama au umekaa kwenye kigoda? Ugali unausonga mwenyewe? Swali hili la mwisho lina uzito kuliko linavyosikika. Anayepika wali hahitaji nguvu juu ya jiko, lakini anayesonga ugali wa watu wawili anakandamiza na kuzungusha, na jiko lisiloshikwa litamkimbia. Kwa hiyo msonga ugali huwekewa jiko chini kidogo, na vyuma vya kuibana miguu ya jiko isicheze. Hakuna sanduku la dukani litakalomuuliza dereva jambo hilo.

Halafu linakuja suala la mahali. Nchini kwetu magari hupita kushoto, na lori likisimama hutoka nje ya lami kwa upande huo huo. Jiko basi hukaa kushoto, mpishi awe upande wa majani na mwili wa tela umkinge na mabasi yanayopita kwa kasi. Lisikaribie tangi la mafuta kwa sababu ya moto. Lisikae nyuma ya tairi moja kwa moja, maana huko ndiko kokoto zinakorushwa. Ukiondoa sehemu hizo zote, hubaki kipande kifupi cha tela kinachofaa, na fundi anakipima kwa futi mara mbili kabla ya kukata chochote.

Uzito nao una sheria yake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya udhibiti wa uzito wa magari inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, 18 kwenye ekseli mbili zilizofuatana na 24 kwenye tatu, na gari zima lisizidi tani 56. Kichwa cha ekseli tatu chenye tela la ekseli tatu, basi, ni tani 50. Kila kilo ya nyumba hupimwa pamoja na mzigo kwenye mizani ya Nala. Bati la milimita 3 lina karibu kilo 24 kwa mita moja ya mraba. La milimita 1.5 lina nusu yake. Wengi huomba bati nene wakiamini ndilo imara. Fundi ninayemheshimu huchukua jembamba na kulikunja kingo zote, kwa kuwa ugumu wa sanduku hutoka kwenye mikunjo. Naona hapo ndipo ufundi unapojionyesha hasa.

Maji ndiyo mazito kuliko vyote: lita 100 ni kilo 100. Hata hivyo hakuna anayeyapunguza. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani ilivuka nyika ya Marenga Mkali ikibeba maji yake, na ikifika Ugogo, yaani uwanda wa Dodoma na Manyoni, ililipa hongo kabla ya kuruhusiwa kupita na kuteka. Uwanda huu bado una msimu mmoja tu wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na dereva anayelala Manyoni mwezi wa Septemba anajua kwa nini tangi lake la maji linafaa kujaa.

Kuchomelea kwenyewe ni kazi ya subira. Bati jembamba likichomelewa mfululizo hupata joto, likajipinda, na mlango haufungi tena. Kwa hiyo fundi anashikiza kwa nukta, pembe hii kisha pembe ya mkabala, anangoja lipoe, anarudi. Kwenye chumba cha mtungi anatoboa matundu chini kabisa, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hushuka. Kila tundu analifunika kwa kibati kinachotazama nyuma ili vumbi jekundu lisiingie. Mlangoni anazungushia mpira.

Na kwenye chesisi hachomelei kabisa. Chuma kile kimepewa nguvu kiwandani, na joto la kuchomelea hukidhoofisha. Ufa huanzia pale pale. Anatengeneza mikono ya chuma na kuifunga kwa bolti kwenye ubavu wa chesisi, akiacha kingo za juu na chini bila tundu.

Mwisho anamwagia sanduku ndoo za maji, anafungua, anapapasa kona kwa kidole. Likiwa kavu, dereva analipa. Lakini bolti mpya hulegea tela linapotikiswa na mzigo, kwa hiyo fundi anampa sharti moja: akitoka safari ya kwanza, kabla hajapakia ya pili, alete lori akaze tena.